Saa ya Mama Mitindo

Siku za kazi fundi wa kompyuta alirudi nyumbani akinuka moshi wa kuchomelea waya, na mkewe, Mama Pacha, alishauzoea. Kilichomkosesha raha mama wa watu ni Jumamosi alasiri. Hapo fundi alioga, akavaa shati la mikono mirefu, akajipulizia manukato, halafu akasema kama mtu anayekwenda zamu, "Naenda kwa Mama Mitindo. Kioo chake kimezima tena."

Mama Mitindo alikuwa mshonaji, mjane, mcheshi, na kiuno alijaliwa. Laptopu yake aliitumia kuwaonyesha wateja mishono. Basi kila mara kioo kinakuwa cheusi tii, na ndani mashine inanguruma. Fundi akifika, akipishwa kiti, akibonyeza, kinawaka vizuri kabisa. Alibadilisha waya wa kioo, akapakia programu upya. Akiondoka tu, simu inalia.

"Ugonjwa gani huo unaopona ukimwona daktari?" Mama Pacha aliuliza.

"Hata mimi unanishangaza."

"Mimi haunishangazi."

Alimwomba Mola amtoe wivu moyoni. Lakini hata akiwa amefumba macho katika sala, aliiona saa. Ndiyo, saa: juzi, akipita ng'ambo ya barabara, aliona kitu cha mviringo kiking'aa kwenye mkono wa Mama Mitindo. Yeye mumewe hajawahi kumnunulia saa, hata ya ukutani.

Jumamosi ile alijifunga kilemba chake kizuri. "Twende wote."

"Karibu shemeji!" Mama Mitindo alipaza sauti kutoka dukani. "Na leo umemleta dada!"

Shemeji! Mama Pacha aliwaza. Tangu lini?

Mama Mitindo akainuka kumpisha fundi kiti, tayari kuinama begani pake atazame. Mama Pacha akapita katikati yao. "La. Baba Pacha atakaa kule kwenye vitambaa. Wewe kaa hapo mwenyewe, fanya kazi yako kama siku zote, tuone."

Fundi akaenda kukaa juu ya robota la vitambaa kama mtoto aliyetiwa adabu. Mama Mitindo akaanza kutafuta mishono. Mama Pacha hakutazama kioo, alitazama mkono wa kushoto. Mkono ulipotulia pembeni mwa vitufe, kioo kikazima.

"Si mnaona!" alilalamika Mama Mitindo.

"Naona," sauti ilimtoka Mama Pacha kavu. "Hiyo saa kakununulia nani?"



"Saa?" Mama Mitindo akageuza mkono. Juu ya kile kitu cha mviringo pini zilikuwa zimesimama kama miiba. "Dada, hii ni sumaku ya kushikia pini. Nimejinunulia mwenyewe, nimechoka kuziuma mdomoni."

"Sumaku!" Fundi aliruka kutoka kwenye vitambaa. "Hebu ivue, bonyeza." Kioo kikawaka. "Irudishe pale pale." Kikazima. "Ala! Kifuniko cha laptopu kina sumaku. Ukikifunga, mashine inaihisi, inazima kioo. Sasa ukiweka mkono hapo, inadhani umeifunga!"

"Na muda wote huu hukuniuliza?" Mama Mitindo alimgeukia.

"Nilidhani pambo. Mtu mzima naulizaje pambo la mwanamke?"

"Mkeo kauliza!" Mama Mitindo akacheka mpaka akafuta machozi. Kicheko hakikuwa na ubaya wowote, na hilo lilimuudhi Mama Pacha zaidi.

Walipokaribia nyumbani Mama Pacha akauliza, "Na manukato je?"

"Pale kuna nguo mpya za watu. Nikiingia na moshi wangu nitazinukisha."

"Na mimi ninazovaa ni magunia?"



Jumamosi iliyofuata simu haikulia. Fundi alioga hata hivyo, akavaa shati, akachukua chupa ya manukato. Mama Pacha alikuwa akikunja nguo za mapacha, mikono ikamsimama.

"Wapi tena?"

"Hapa." Akavuta kigoda, akaketi karibu yake. "Nipe hizo soksi nizipange."

Alinukia vizuri. Mama Pacha alimshukuru Mola kimoyomoyo. Kisha akanyoosha mkono mezani, akaichukua simu ya mumewe, akailaza kioo chini.