Bitana za Watu Wasiokuwepo

Bi Pindo alishonea watu wenye matumbo kwa miaka ishirini na saba, na matumbo yale yalimfundisha mengi. Mteja akibana pumzi wakati wa kupimwa, alimwongezea inchi mbili kimyakimya bila kumwaibisha. Alijua suruali ya mtu anayekaa kazini na ya mtu anayesimama kutwa. Koti lake ungeweza kuligeuza ndani nje ukaenda nalo harusini, na watu wakamwuliza bwana harusi kwa nini yeye hakutafuta fundi kama wako. Hilo jina la Bi Pindo alipewa na wateja, maana hakuwahi kuacha pindo likalegea, hata la tambara la kufutia cherehani.

Sasa ana mwaka wa nne akiwashonea watu wasio na tumbo, wasiotoka jasho, na wasiokuwepo kabisa.

Ilivyotokea ni hivi. Mwanamume mmoja alileta suruali ikatwe miguu, akasimama kizingitini akimtazama anavyotandaza kitambaa, mpaka suruali ikaisha na mwenyewe bado yupo. Alikuwa msimamizi wa ofisi inayotengeneza gemu za kompyuta. Si zile ndogo za kupitishia muda kwenye simu. Yake ilikuwa gemu ambayo mchezaji anavaa nafsi ya mtu mwingine, anatembea nchi nzima, anapigana, anapatana bei, anasalimia wenyeji na wenyeji wanamjibu. Wenyeji hao walichorwa mpaka vinyweleo vya mikono, ila nguo, alisema msimamizi, zilikuwa zimewakaa kama plasta. Vijana wake walijua kuchora. Hakuna aliyejua kwapa linakatwaje.

Bi Pindo akamwachia wifi yake kibanda cha kushonea, akaenda. Kumbe kazi ni ileile. Unachora pateni, yaani kielelezo cha kukatia, kwenye skrini, unakata, unaunganisha vipande kwa kipanya, kisha unamvalisha mtu na kitambaa kinaanguka chenyewe, kizito au chepesi, kama ulivyokiagiza. Shati la kwanza alilishona mikono yote miwili upande mmoja, na askari aliyevalishwa alizunguka kama pia ya watoto siku mbili, hakuna aliyejua kumsimamisha. La tatu lilikuwa shati kweli. Lilipofika la kumi, vijana walisogeza viti vyao waje kuangalia.

Wifi hakuelewa, na hakutaka kuelewa. Kila wakikutana alimwuliza kama wateja wake wamelalamika, kama kuna aliyenenepa, kama kuna aliyekuja kuchukua nguo yake au bado wanasubiri kuzaliwa. Bi Pindo alimjibu kwamba angalau wa kwake hawaji na vitambaa vyenye kunguni. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Gemu yenyewe ilikuwa mwaka wa sita. Ilipoanza, mke wa msimamizi alikuwa mjamzito. Sasa binti yuko chekechea, na kila asubuhi anamwuliza baba yake kama ameshamaliza. Haikuwa uvivu. Ilikuwa picha. Mlima wa theluji ulichorwa vizuri mpaka waliokaa karibu na skrini ile wakaomba sweta. Mlima ulipokamilika, wakautazama msitu uliochorwa miaka miwili nyuma, wakauona kama mboga za juzi. Wakaurudia. Msitu ulipopendeza, mto ukaonekana umechoka, nao ukarudiwa mara nne. Na huku nje mashine za wachezaji zilikuwa zinabadilika, kila mpya ikitaka picha kali kuliko ya jana. Tarehe ya kutoka ilitangazwa mara tatu, mara tatu ikasogezwa, mpaka wachezaji waliokuwa wanatukana wakaacha kutukana, wakaanza kuwaonea huruma. Msimamizi alisema afadhali matusi.

Wenye mtaji wakasema basi. Tarehe ya nne haisogei. Watakuja wenyewe, Jumatatu, wiki tatu kutoka siku ile, watembee ndani ya soko kuu la gemu. Likienda sawa, linabaki. Likisita, linaondolewa lote, na mchezaji atapita nje ya ukuta na kukuta lango limefungwa.

Sasa soko lile ndilo lilikuwa kazi ya Bi Pindo. Watu themanini, nguo mia mbili na kumi na mbili, miaka mitatu na ushei ya mgongo wake. Lango likifungwa, zote zinabaki ndani gizani, na yeye hana kingine cha kuonyesha.

Na soko lilikuwa linasita vibaya. Mchezaji akipiga hatua moja, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Muuza mafuta anainua mkono asubuhi, anaushusha baada ya chai. Mchora anga akasema tatizo ni mawe. Wa mawe akasema anga lina mawingu mengi kuliko mahitaji. Wote wawili wakakubaliana kwamba punda wana manyoya kupita kiasi, na mchora punda hakuwasalimia wiki nzima.

Kazi ya kutafuta mchawi alipewa bwana mmoja mwenye kipara cha mapema, aliyehusika na wepesi wa gemu. Ofisi nzima ilimwita Kasi, ingawa hata chooni alikuwa anaenda kama anayesindikiza msiba. Njia yake ilikuwa moja: anaondoa kitu, anaangalia, anaondoa kingine. Akaondoa anga. Likasita. Akaondoa mapaa, mawe, punda, na ardhi yenyewe. Likasita. Wakabaki watu themanini wamesimama hewani. Akawaondoa watu, akaziacha nguo tupu zikipatana bei zenyewe kwa zenyewe, na bado zikasita. Ndipo akalisogelea koti la muuza maji, akaingia ndani yake kupitia kola, akatulia humo karibu saa nzima.

Alipotoka akaenda kumwita Bi Pindo.

"Mama, hii ni nini?"

"Bitana. Kitambaa cha ndani ya koti, cha kufunika mishono."

"Na huku chini ya bitana?"

"Turubai la kusimamishia kifua. Usipoliweka, koti linalala kama mgonjwa."

"Na hiki, ndani ya mfuko wa ndani?"

Bi Pindo akavaa miwani, akatazama. "Kitambaa chake cha jasho. Muuza maji anatembea juani, mwanangu."

"Kimepindwa pande zote nne."

"Ulitaka nikiache kifumuke?"

Kasi akakaa chini. Akamwuliza, kwa adabu, ni nani atakayekiona. Bi Pindo akamjibu kwamba yeye Kasi amekiona.

"Mimi nimeingia ndani ya koti la watu, Mama."

"Na wachezaji watachungulia. Mimi nawajua wateja, hata kwapani wanaangalia."

Hakuwa anatania. Kwake koti lisilo na bitana halikuwa koti, lilikuwa sura ya koti, na hakuna siku aliyomkabidhi mtu sura. Basi akawa amewatilia bitana wote themanini, mpaka mlevi anayelala nyuma ya gunia, ambaye hainuki tangu gemu ianze hadi iishe. Kasi akamweleza taratibu kwamba kompyuta haina macho ya kusema hii inaonekana na hii haionekani. Upepo ukivuma, inalazimika kuupanga upya kila mkunjo wa kila kitambaa, cha nje na cha ndani, mara sitini kwa sekunde moja. Vitambaa vya jasho navyo.

Bi Pindo hakubisha. Aliuliza tu kama msimamizi ameshaambiwa, na aliposikia bado, akaenda kumwambia mwenyewe: kinachoua soko ni mkono wangu. Msimamizi akatazama kalenda ukutani, akasema zimebaki siku kumi na mbili.

Kasi alikuwa na dawa ya mkato. Akaandika programu ya kufagia bitana zote kwa pigo moja, akaiendesha kabla ya chakula cha mchana. Soko likawa jepesi kama unyoya. Wote wakapiga makofi, mpaka upepo wa gemu ulipovuma. Koti la muuza mafuta likafunguka, na ndani yake kukaonekana mlima. Kitambaa kwenye gemu kina uso upande mmoja tu, usipokiwekea wa pili, nyuma hakuna kitu. Mama mmoja alipogeuka, gauni lake likapotea kisogoni akabaki nusu. Makofi yakafa mkononi.

Siku ile Bi Pindo alipitia kibandani kwa wifi kabla ya kwenda nyumbani, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akasimulia yote. Wifi alicheka mpaka akauma uzi ukakatika, akasema amewahi kusikia fundi anayekwamisha mteja lakini si anayekwamisha soko zima. Kisha akaanza kupiga pasi, na akasema, bila kuinua macho:

"Wifi, zile sanamu za kuonyeshea nguo dirishani. Uliwahi kuzitia bitana?"

"Zile? Zile tulikuwa tunabana kwa pini nyuma."

"Pini kumi na nne. Nilikuwa nazihesabu mimi. Mbele koti la waziri, nyuma nungunungu. Na hukukosa usingizi kwa aibu."

"Sanamu haigeuki, wifi."

Akalirudia polepole: haigeuki. Wifi akaisimamisha pasi, kwa sababu ilikuwa nadra kumwona Bi Pindo anasikia jambo mara ya kwanza.

Asubuhi akamwendea Kasi na swali moja: soko lile, kwenye mashine ya mtu wa kawaida nyumbani kwake, linabeba bitana ngapi? Kasi akapima siku nzima. Ishirini. Ya ishirini na moja inaanza kuleta kwikwi.

Basi akafumua. Aliwapitia mmojammoja, themanini wote, na kabla ya kushika nguo alimwuliza fundi wa mwendo, yule anayewapangia watu jinsi ya kutembea: huyu anageuka? Anakimbia? Upepo unamfikia? Kama hageuki, bitana inatoka, turubai linatoka, na mgongo anaubana kama sanamu. Mlevi alibaki na koti la mbele tu, nyuma uchi wa mnyama kwa gunia lake. Kufumua kulimuuma kuliko kushona. Vitambaa vya jasho aliviacha mpaka siku ya mwisho, kisha akavifuta vyote themanini kwa pamoja, akaenda kunawa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

Alipohesabu, zilikuwa zimebaki bitana ishirini na tatu, na kila moja ilikuwa ya mtu ambaye lazima nguo yake ifunguke. Alizunguka nazo asubuhi nzima. Hatimaye akarudi kwa fundi wa mwendo, akamwomba watu watatu wakalishwe.

"Wakae wapi?"

"Popote. Chini. Aliyekaa koti halimruki."

Wakakalishwa. Mmoja alikuwa mwizi wa soko, aliyepangiwa kukwapua mfuko na kutimua mbio. Akawa mwizi aliyekaa, anakwapua anayepita karibu, anabaki palepale anatabasamu. Vijana wakasema ndiye mtu bora kuliko wote kwenye gemu.

Jumatatu wenye mtaji walikuja watatu. Aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa mama wa makamo asiyependa mazungumzo. Aliingia langoni, akatembea, upepo ukavuma, makoti yakaruka, bitana zikametameta na kujifunika tena. Hakuna kilichoganda. Akazunguka soko mara mbili, akaibiwa na mwizi, akacheka puani. Kisha akasimama kwenye kisima, akachungulia.

"Soko ni zuri," alisema. "Ila maji haya hayang'ai kama yale ya mto."

Msimamizi akavuta pumzi, na kila aliyekuwa chumbani alijua pumzi ile. Ilikuwa pumzi ya miezi minne. Alishafungua mdomo kusema yanaweza kurudiwa, na tarehe ya nne ilikuwa inaondoka mlangoni, na soko na nguo zake vikirudi foleni pamoja nayo.

"Maji yanatosha," alisema Bi Pindo.

Hakuwa amewahi kusema neno kwenye vikao vile. Wote wakamgeukia.

"Yanatosha, mama. Mimi nimetoa bitana sitini, hujauliza hata moja. Ukiyarudia maji, utauona mto umefifia. Ukiurudia mto, utauona mlima. Hawa vijana wataoa na kuzaa humu ndani. Kuna saa unakata uzi, unamwita mteja."

 Mwenye pedi akamwuliza ni bitana zipi. Bi Pindo akamwambia aondoe macho kisimani, ageuke nyuma, upepo unakuja. Akageuka. Koti la muuza maji likaruka, ndani likang'aa kijani kilichoiva, likatulia.

"Soko libaki," alisema mwenye pedi, akaweka pedi mezani. "Na tarehe ibaki."

Walipoondoka, msimamizi aliketi akasahau kuzima skrini. Bi Pindo akarudi kwenye meza yake. Kulikuwa bado kuna walinzi kumi na wanne wa lango, wamesimama na nguo za ndani tu, wakisubiri fundi. Akamwita fundi wa mwendo na kumwuliza ni wangapi kati yao watakaokimbia.