Nilisoma soko ku vichwa vya banamuke

Bandugu, mimi njo mwenye kosa. Musinihurumie. Niliuzisha shamba ya mama yangu kule Masereka, bila yeye kujua, juu ya misuko ya nywele!

Hapa Butembo kila mucommerçant, mufanya biashara, iko na alama yake ya kupimia soko. Yangu ilikuwa vichwa. Banamuke wakifunga bitambaa, pagne, bitenge byenye nauzisha, hapana kutoka. Wakisuka, soko inaamuka. Myaka mingi ile alama haikunidanganya, na nilijivuna nayo sana.

Donc, siku moja naona foleni ku salon ya Kavira, mbele ya meza yangu. Bote banasuka rasta ndogo-ndogo! Kavira ni rafiki yangu, marraine, mama wa ubatizo wa mutoto wangu wa kwanza, na yeye pia anauzisha pagne. Namuuliza: "Dada, pesa inarudi?"

"Inarudi sana! Lakini mimi nahamia Beni. Kamata maballots yangu, ile mizigo yote ya pagne. Siwezi kupatia mutu mwengine hii chance."

Papier ya shamba ilikuwa mu valise, sanduku yangu ya nguo. Mama alinipatia niichunge tu, juu kule kijijini vita inaweza kuchoma nyumba. Nikaifungua ile valise, na pesa ya shamba ikaenda kwa Kavira.

Miezi mbili, rasta kila fasi, pagne hapana kutoka! Nikauliza mama moja: "Umesuka muzuri hivi, na pagne hununui?"

Akacheka. "Pesa iko wapi? Rasta ndogo inakaa miezi tatu, njo maana tunasuka. Ku kiti ya Kavira tulikuwa tunalialia ile kila siku!"

Mungu wangu! Kumbe Kavira alijua. Aliskia yote, mikono yake mu nywele zabo, kisha akanibebesha hasara yake na kuniita dada. Nikimupigia simu, anakata. Marraine wa mutoto wangu!

Lakini valise, Kavira hakuigusa. Ni mimi.

Leo mama anafanya kibarua mu shamba ile ile, kwa mutu mwenye alinunua. Banamulipa na pomme de terre, biazi bya kule. Hajanitukana ata siku moja.

Nyinyi benye kusoma alama, muulize kwanza mutu kwa nini anafanya vile. Na kitu muzazi amekupatia uchunge, chunga tu! Mimi kila Jumamosi mama ananiletea kikapo ya pomme de terre ya kibarua yake, ananiambia, "Kula, mutoto wangu."