Siku Mama Mkwe Aliponikuta Chini ya Mtumbwi

Hapa Kibiti wapo watu ambao mpaka leo wakiniletea baiskeli niwazibie pancha, kabla hawajaniambia ni gurudumu la mbele au la nyuma, hunitazama kwanza kiunoni wahakikishe nimevaa kitu, kisha wanageuka pembeni na kujifanya wanakohoa. Siwalaumu. Ingekuwa wao ndio miye, na miye ndio wao, ningekohoa mpaka nilazwe. Basi nimeona bora niisimulie mwenyewe aibu yangu, maana mtani wangu Chande, Mmatumbi mmoja asiye na haya, anapita vijiweni akisema nilikutwa na bata watatu kichwani. Mwongo huyo. Bata alikuwa mmoja, tena hakuwa kichwani.

Mimi ni fundi baiskeli, na ni msomi. Nimemaliza kidato cha nne kwa madarasa ya jioni nikiwa na watoto wawili na mvi kidevuni (nadhani nchi hii hakuna mtu aliyehesabu pembetatu nyingi kwa mwanga wa simu kama miye), na ubaya wa elimu ukiipata ukubwani ni kwamba unataka kuitumia kila mahali, mpaka kwenye mambo ambayo mke wako alikuwa anayaendesha vizuri tu bila pembetatu.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema, mpunga ukaungua, na mtu asiyevuna hatengenezi baiskeli, anaisukuma. Nyumbani tukawa tunakula, tunatazamana, tunalala. Watoto wangu, Shani na Abdul, walitaka kupelekwa kwenye bembea sikukuu, sikuwapeleka. Mama yao alitaka kwenda kwao Mbuchi, kule delta, akamwone mama yake, mwaka wa pili huo hajamtia machoni, nikamwambia subiri mambo yakae sawa, na mambo yenyewe yakawa hayana hata dalili ya kutaka kukaa. Nyumba ikapoa kama uji wa jana. Ndipo kichwa changu chenye elimu kikatoa wazo.

Nikatangaza: kila Jumamosi baada ya alasiri, mtu mmoja wa nyumba hii atatuandalia jambo la kutuchangamsha, lisilogharimu kitu, na kabla ya siku yake aliandae kwa siri, asiulizwe na mtu yeyote, ni marufuku. Hiyo ya marufuku niliisema kwa sauti nzito, kidole juu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, ila kwa wakati ule nilijiona waziri.

Nikaanza miye. Nilikaa nyuma ya pazia nikawa redio, nikasoma taarifa ya habari ya humu ndani: mwiko mkubwa wapotea, Abdul ahojiwa, hali ya mboga ni mchicha nchi nzima. Walicheka mpaka jirani akachungulia. Jumamosi ya pili Shani akafungua mgahawa ukumbini, akatuuliza "Wazee mtakula nini?" ilhali kilichopo ni ugali tu, na ukiagiza pilau anakujibu limekwisha sasa hivi. Ya tatu Abdul akawa mwalimu, akanipigisha magoti kwa kuchelewa. Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Halafu ikaja zamu ya Mama Shani, naye akasema, "Baba Shani, mimi nipe wiki mbili, langu kubwa."

Nikampa. Siku ya nne usingizi ukaniruka.

Kwanza, kila siku saa tisa alikuwa anatoka na sahani ya vitumbua imefunikwa kawa, anarudi na sahani tupu. Sahani iliyofunikwa kawa kwetu haiendi kwa mtu hivi hivi, inakwenda kwa mtu anayeheshimiwa, au anayeombwa jambo. Pili, nilimkuta uani ameshika kamba ina mafundo, anapima kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mpapai, aliponiona akaikunja akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia. Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, nilimsikia kwenye simu akinong'ona: "Jumamosi mje wanne, wenye nguvu. Kabla ya yeye kurudi. Ndiyo, kitu kizito."

Kuuliza nisingeweza, sheria niliitunga mwenyewe. Nikampelekea Chande shauri langu.

"Mtani," akasema, mate yakimtoka kwa furaha, "mwanamke akipima ua ujue anapima njia ya kutokea. Na wanne wenye nguvu ni wa nini kama si kubeba kitanda?"

"Kitanda?"

"Kitanda na kabati vya nani vile?"

Ni vyake. Alikuja navyo harusini, kila mtu anajua, na mwanamke wa huku akiondoka kwa mume huondoka na vyake, na kitanda ndicho cha kwanza kutoka mlangoni. Nilirudi nyumbani nikihesabu. Miaka kumi na miwili! Nikaanza kumtazama anavyokoroga mboga, nikaona anakoroga kama mtu anayeaga. Akiniambia "karibu chakula", nasikia "kwa heri". Hata Shani alipocheka peke yake nikajua wameshamwambia.

Siku ya kumi na tatu nikaifuata ile sahani kwa mbali, nikijificha nyuma ya miembe na choo cha watu, mpaka ikaingia kwa Mzee Kindamba. Na Mzee Kindamba ni nani? Ni mgane, mkewe kafariki, ana nyumba ya bati jipya, ana pikipiki, na meno yake yote yamo. (Niliyahesabu siku moja akicheka. Yamo.) Nikasema basi, elimu yangu imeniambia ushahidi kwanza, kesho Jumamosi nitakuwa pale kabla yao, nisikie kwa masikio yangu.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kujifanya naenda kazini, nikafanya jambo moja la kifundi: nilichukua mnyororo mzito wa kufungia baiskeli, nikaupitisha kwenye miguu ya kitanda, nikauzungusha kwenye kabati, nikapiga kufuli, ufunguo nikaufundika kwenye pindo la msuli wangu. Nikasema wabebe sasa, tuone hao wenye nguvu.

Saa nane nikapenya uani kwa Mzee Kindamba kwa nyuma. Sikukaa hata kidogo nikasikia sauti zinakuja. Pa kujificha hapakuwapo ila mtumbwi mmoja mkuukuu, umefudikizwa juu ya magogo mawili ya mnazi, nikasema Bismillah nikajisukuma chini yake kifudifudi. Mle ndani mlikuwa na mwenyewe: bata jike aliyelalia mayai. Alinitazama, nikamtazama, akaning'ata sikio. Na sikuweza kupiga kelele, maana nje nilikuwa namsikia mke wangu.

"Baba, leo ndiyo leo," alikuwa anamwambia Mzee Kindamba. "Baba Shani akijua mapema, yote yameharibika."

"Hajui kitu yule," mzee akajibu. "Mumeo kasoma jioni, mchana haoni."

Wakacheka. Miye nang'atwa, wao wanacheka. Nikasema mzee akimgusa mkono tu natoka. Lakini nikasikia miguu mingi, wanaume, wanawake, watu kama wa harusi, na mke wangu akasema, "Haya kaka zangu, moja, mbili, tatu!" Na kile kitu kizito, ndugu zanguni, kilikuwa ni mtumbwi.

Ukanyanyuka kutoka mgongoni kwangu kama kifuniko cha sufuria. Wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele, vikakatikia katikati, li li li. Ningebaki hapo tu nimelala, huenda ningesingizia nimeanguka, lakini upande mmoja wa mtumbwi ulikuwa na kijiti kimechomoza, kikaunasa msuli wangu, nao ukapaa juu pamoja na mtumbwi, ukaniacha na bukta ya mpira ya zamani yenye tundu pasipotakiwa kuwa na tundu. Bata akaona nafasi, akanipanda mgongoni.

Nikainua uso. Mbele yangu miguu miwili ya kizee, iliyojaa vumbi la safari. Nikapandisha macho polepole. Mama mkwe.

Asiyejua mkwe ni nini kwetu hawezi kuelewa. Mama mkwe mimi nikikutana naye njiani huteremka kwenye baiskeli na kusimama pembeni. Sijawahi kula mbele yake. Na sasa nimelala miguuni pake na bukta, bata juu. Nikasema neno pekee lililokuja mdomoni.

"Shikamoo mama."

Akajifunika uso wote kwa kanga. Salamu haiachwi hewani, basi baada ya muda mrefu (naapa mayai yangeweza kuanguliwa) sauti ikatoka ndani ya kanga: "Marahaba."

"Baba Shani," mke wangu akasema, "unatafuta nini humo?"

"Nilikuwa... naangalia kama unavuja."

"Mtumbwi haujaona maji miaka sita," Mzee Kindamba akasema, "utavuja nini?"

Ndipo likatoka. Mzee Kindamba ni mtu wa Mbuchi, amenyonya ziwa moja na baba yake Mama Shani, kwa hiyo ni baba kwake, na miye miaka yote hiyo sijawahi kumuuliza kwao ni wapi. Mke wangu alikuwa anamwomba ule mtumbwi wa zamani kwa vitumbua, apate kuuweka uani, awapeleke watoto Mbuchi bila kutoka Kibiti, kwa kuwa Mbuchi yenyewe mimi nimeshindwa kuwapeleka. Kamba ilikuwa ya kupima kama utaingia. Na mama yake alikuwa ameuza mikeka yake, akapanda boti hadi Nyamisati na gari hadi hapa, aje ashuke kwenye huo mtumbwi kama bibi aliyetoka safari.

Mama Shani hakucheka. Watu wote walikuwa wanakufa kwa kicheko, yeye hakucheka.

"Miaka kumi na miwili nimekaa kwako," akasema taratibu. "Wiki mbili tu nimenyamaza, umeshanifanya mwizi wa kuviziwa."

Na kutoka ndani ya kanga mama mkwe akauliza, "Zuhura, nguo zako ziko wapi mwanangu? Boti ya kurudi ina nafasi."

Hapo ndipo aibu iliponitoka ikaingia hofu. Jambo nililoliogopa siku kumi, ambalo halikuwapo, nilikuwa nimeliita mwenyewe likaja.

Tukaenda nyumbani. Mtumbwi mbele, wanawake nyuma yake, na miye mwisho kabisa, nimefungwa kanga ya jirani yenye maua ya waridi, kwa kuwa msuli ulichanika. Chande alikuwa njiani. Sitasema aliyosema.

Tulipofika, Mama Shani akaingia chumbani kuchukua mkeka wa kumkalisha mama yake. Nikamsikia amesimama. Akatoka, akaniita kwa kidole. Mnyororo ule!

"Hiki nini?"

"Kitanda," nikasema.

"Baba Shani."

"Nilidhani unaondoka nacho."

Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la msuli, na pindo halikuwapo tena, pengine liko chini ya bata mpaka leo. Ikabidi nilete msumeno wa chuma na kukata mnyororo wangu mwenyewe, kanga ya waridi kiunoni, wale wanne wenye nguvu wakinihesabia. Nakata, jasho linatoka, na nje ya pazia kukawa na sauti kama mtu anayekabwa. Alikuwa mama mkwe. Alijizuia, akajizuia, kikamponyoka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Zuhura," akasema alipopata pumzi, "huyu mumeo hana baya. Hana akili tu. Mtu anafunga kitanda mnyororo asiachwe! Kuomba radhi hajui, lakini kuachwa hataki."

"Naomba radhi, mama," nikasema nikiwa na msumeno.

"Huniombi mimi."

Nikamwomba Mama Shani, mbele ya watu wote. Akasema amesikia. Hakusema amekubali. Mkwe nilimpa jogoo wangu mkubwa, kwa kuwa kilichoingia machoni pa mkwe lazima kifutwe kwa kitu, nao mzigo huo ulikuwa mzito kwa jogoo mmoja.

Halafu safari ikafanyika. Mtumbwi ukawekwa uani, bibi akakaa mbele, watoto katikati, na Mama Shani akasimama nyuma na mti mrefu akisukuma mchanga, akawapitisha vijito vyote vya kwao kimoja kimoja kwa jina, hapa mikoko, hapa inama tawi hilo, hapo mashamba ya mpunga ya babu yenu, Abdul akapiga yowe kaona mamba, na bibi akafungua kikapu akawagawia kamba waliokaangwa. Sura ile ya mke wangu sikuwa nimeiona tangu harusini. Nikasogea.

"Nami nipande?"

"Umejaa," akasema, na nafasi ilikuwapo, niliiona kwa macho yangu ubavuni mwa Abdul.

Nikasimama ufukweni, yaani mlangoni mwa jiko. Wakaenda, wakarudi. Wakaenda tena, wakarudi. Mara ya tatu akasimamisha mti, hakunitazama usoni.

"Panda," akasema. "Ila ukae mbele, nikuone."

Nikapanda, nikakaa mbele, na mpaka leo niko hapo hapo mbele ninapoonekana. Nikiaga naenda msikitini anauliza kwa njia ipi. Nikichelewa gengeni anamtuma Shani. Nastahili. Miye nimeapa, na naapa tena mbele yenu: mke wangu akitoka na sahani, hata ikiwa imefunikwa kawa tatu, nitaendelea kuziba pancha. Kumfuata mtu nyuma ni kazi ya mchana mmoja. Kurudi ukaaminiwa, ndugu zanguni, mwaka umepita na bado nasukuma mchanga.