Mashine ya Kibakwe na Mkono wa Nyemo

Watu wa Kizota wanaonifahamu watakwambia kwamba nikisema nimeona mbuzi wanne, wewe hesabu wawili. Sikatai. Chumvi naitia, tena ya kutosha. Lakini hili ninalokusimulia nimelipunguza, kwa sababu nikilieleza lote kama lilivyokuwa utaniacha nikiongea peke yangu. Na usitegemee usiku wa giza wala bundi. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kukaanga yai juu ya bati.

Mimi ni fundi wa mashine. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na fizikia nilifaulu. Naomba hilo ulishike, maana mtu aliyefaulu fizikia haamini ovyo.

Sasa, Mzee Ndahani wa Kibakwe alinipigia simu nikamtengenezee mashine ya kusaga. Ilikuwa ikisimama kila baada ya madebe mawili matatu. Nilipofika hakunionyesha mashine kwanza. Alinionyesha mtoto. Binti wa miaka kumi na miwili hivi, amekaa peke yake nyuma ya foleni, hatua kumi kutoka kwa wenzake, ndoo ya mahindi mbele yake.

"Yule anaitwa Nyemo," akasema. "Kigego."

Kama hujui, kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Wako wazee wanaoamini kwamba mtoto wa hivyo huja na mikosi. Wazazi wa Nyemo walishafariki, akabaki na bibi yake, na kila kuku aliyekufa pale kijijini aliandikwa kwa jina lake. Mahindi yao yalisagwa mwisho kabisa, watu wote wakishaondoka.

"Saa kumi tuna kikao," mzee akaendelea. "Wewe ni fundi, tena umesoma. Utasimama useme, ni mashine au ni mtoto. Ukisema mtoto, yeye na bibi yake wanahama leo leo."

Pale pale nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku mzee, huenda anakitaka kiwanja cha yule bibi. Nilimshuku mtoto, huenda anatia mchanga kwenye mashine ili alipize. Ningekuwa mimi, ningetia.

Watu wakatawanyika kwenda kula. Nikazima swichi kubwa, nikachomoa fyuzi zote tatu nikazitia mfukoni, maana umeme hauna undugu. Nilipogeuka, Nyemo alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeua mashine ya watu?"

"Siiui. Inaumwa." Akanyoosha kidole. "Hapo."

Alipoonyesha palikuwa pamefunikwa na bati, nami sikuwa nimefungua hata nati moja. Nikafungua. Beringi ilikuwa imekufa, imesagika kama karanga. Amejuaje? Nikajiambia moyoni, kajua kwa sababu kaiua mwenyewe.

"Uliigusa lini?"

"Sijawahi. Bibi kanikataza kugusa vyuma vya watu."

"Haya, leo gusa tuone," nikamwambia, kwa mzaha kabisa.

Akaweka kiganja juu ya mota. Niamini au usiniamini, mota ikazunguka. Kwanza polepole, kama mzee anayeinuka kitini, kisha mkanda ukavuma na unga wa jana ukanirukia usoni. Nikapapasa mfuko. Fyuzi zote tatu zipo. Nikachungulia chini ya mashine kutafuta waya wa wizi. Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta jenereta. Kulikuwa na kuku tu. Nikarudi, nikainama karibu mno, shati langu likaanza kuufuata mkanda, na yule mtoto akaruka akanidaka kifundo cha mkono, akanivuta. Kiganja chake kilipotoka tu kwenye mota, mashine ikanyamaza.

Akabaki anautazama mkono wake kana kwamba ni wa kuazima.

"Hata mimi sikujua," akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Utawaambia?"

Nikafunga beringi mpya niliyokuja nayo, na kazi ya nusu saa ikanichukua saa nzima, kwa jinsi nilivyokuwa nikigeuka kila mara kuutazama ule mkono.

Saa kumi watu wakajaa. Bibi yake Nyemo alikuwa amekaa chini na fundo la nguo, ameshafungasha. Nikasimama, nikaiinua ile beringi mbovu.

"Huyu hapa mchawi wenu," nikasema. "Hiki ndicho kilichokuwa kinasimamisha mashine."

Na hapo sikusema uongo. Waliuliza nini kinaisimamisha. Hakuna aliyeuliza nini kinaizungusha.

"Mbona unatetemeka, fundi?" mama mmoja akauliza.

"Njaa, mama. Mnaita fundi bila kumwekea ugali."

Wakacheka, ila Mzee Ndahani hakucheka. Akaamuru mtoto apange foleni katikati ya watu na mashine iwashwe akiwapo. Ikigoma, safari iko palepale. Nikarudisha fyuzi, nikapandisha swichi.

Kimya.

Taa ndogo nyekundu ya kwenye swichi haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika, dakika ile ile, kati ya dakika zote za mwaka mzima. Ningesema hivyo, nani angenisikiliza? Macho ya kijiji yakamgeukia mtoto. Bibi akaanza kunyanyua fundo lake.

Nyemo akanitazama. Kisha akauegemea ukuta wa chumba cha mashine, taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, kiganja kimelala juu ya tofali.

Mashine ikanguruma.

"Umeme umerudi," nikapaza sauti, nikaiziba ile taa kwa mgongo. Nilisimama hivyo mpaka foleni yote ikaisha, mkojo umenibana, na mtoto naye hakuuacha ule ukuta. Ndoo ya bibi ilisagwa katikati ya ndoo za wengine.

Hawakuhamishwa. Nasikia siku hizi Nyemo anapanga foleni na wenzake, na mashine haijagoma hata mara moja. Mzee Ndahani ananitangaza kila mahali kwamba mimi ni fundi wa ajabu. Simu zake nazipokea nikiwa nimesimama, kwa wasiwasi.

Kwa nini? Kwa sababu jambo lenyewe halikuishia Kibakwe. Kwangu Kizota, umeme ukikatika nami nimelala, feni ya chumbani haisimami. Inazunguka polepole. Nikifumbua macho, inatulia. Mke wangu ndiye anayeiona, naye anasema ni upepo. Upepo gani, na madirisha yamefungwa? Nikihamia sebuleni, ya chumbani inatulia kabisa. Nimeyapima yote hayo, fizikia ninayo. Na kifundo cha mkono alichonishika Nyemo kina joto mpaka leo. Sijui kama siku ile alinigawia kitu, au ananichunga nisiseme. Na hapa nimeshasema.

Basi nakuasa. Kama kwenu kuna mtoto mnayemtenga, mwiteni akae nanyi, mumpe kiti, mumwulize habari za shule. Sisemi kwa huruma. Nasema kwa tahadhari. Ninyi hamjui ana nini mkononi, na yeye mwenyewe huenda hajajua bado.