Besi na Maji ya Kisima

Harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha ndiyo inayonirudisha Kitangari, msimu ule Baba aliporudi kutoka Tandahimba na sabufa mpya. Boksi la besi lilikuwa zito, akaliweka chini ukutani, na nyuma ya ukuta huo ndipo kilipokuwa kisima chetu cha kuvunia maji ya mvua. Aliwasha, akafumba macho. "Sikia hiyo, Mama Somoe! Inaingia mpaka mbavuni!" Mama akajibu, "Ndiyo hiyo ninayoiogopa."

Maji yale yakiisha kabla ya mvua, ilikuwa ni kupiga mguu hadi bondeni na ndoo kichwani. Mama alipima kina kila asubuhi kwa kamba yenye jiwe, na tangu sabufa iingie, maji yalishuka upesi kuliko tulivyoyachota. Akaanza kumtazama Baba kwa jicho la pembeni. Na mimi, mbea wa miaka tisa, nikainama kwenye mdomo wa kisima wimbo ukipigwa, kisha nikakimbia kusema: "Mama, maji yanatetemeka!" Lo! Hakuhitaji shahidi mwingine. "Baba Somoe, besi yako inapasua saruji. Chagua: muziki au maji." Baba aliifunga sabufa kwa shuka kuukuu, akaenda kuiuza. Siku hiyo hakula, nami nikajiona shujaa.

Maji yakaendelea kushuka. Kisima kilipokauka, fundi aliingia ndani, akatuonyesha mzizi wa mkorosho uliokuwa umetoboa ukuta. Mama akamtazama Baba. Baba akasema tu, "Haya, tuzibe." Hakuna aliyeutaja ushahidi wangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa naishi Masasi, maji yangu ni ya bomba, na nina spika mbili ndogo. Muuzaji aliapa kwamba besi ya spika hizo inashuka chini kabisa; sikumwamini, na hata angekuwa mkweli nisingeitaka. Besi ya kiasi yanitosha, mradi nisikie gitaa na maneno ya mwimbaji. Ikizidi, mkono wangu unakwenda wenyewe ukutani kupapasa ufa. Juzi Baba alikuja kunitembelea. Nikampa shikamoo, nikamwekea wimbo aliokuwa akiupenda enzi zile. Aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Somoe, besi umeibana ya nini? Hapa hakuna kisima."