Karatasi Mbili za Kaoutar

Kaoutar, muuza mawese wa soko la Rumonge, alikuwa na mdomo usioogopa mteja yeyote. Kwa miaka miwili mdomo huo ulinyamaza, na aliyeunyamazisha ni mimi, Yudita, wa maabara ya kliniki moja hapa mjini. Sijitetei.

Binti yake Aliya alikuwa na miezi minane Kaoutar alipokuja kwetu, yeye mwenyewe akiwa na homa na vipele mdomoni. Nikampima damu kwa kipimo tulichokuwa nacho, nikaandika: "Herpès: positif," yaani virusi vya herpes vipo. Nikaishia hapo. Mumewe, Nasiri, akampa karatasi kaka yake anayejua Kifaransa, naye akaisoma mbele ya ukoo mzima na kutangaza kwamba huo ni ugonjwa wa zinaa. Kesho yake Kaoutar akapewa talaka. Mtoto akachukuliwa na bibi yake, mama Nasiri, kule Minago.

"Siku utaleta papier ya kuonyesha hauna ile ugonjwa ya zinaa," mama mkwe alimwambia, "utachukua mutoto wako."

Wangeniuliza, ningewaambia kwamba kipimo kile hakitofautishi aina mbili za herpes. Hawakuniuliza, nami sikujipeleka. Niliogopa, na woga wangu ulimgharimu Kaoutar mtoto.

Virusi vya herpes viko viwili, ni ndugu. Cha kwanza hukaa zaidi mdomoni, na wengi wetu tulikipata utotoni, kwa mate ya waliotulea. Cha pili hukaa zaidi sehemu za siri. Protini zilizo juu yao zinafanana mno, ndiyo maana kipimo cha zamani kiliwachanganya. Mwaka huu tuliletewa kingine, kinachotumia protini moja tu ya juu, iitwayo G, ambayo kwayo hao ndugu hawafanani. Damu huonyesha imewahi kupigana na G ya nani. Siku hiyo hiyo nilikwenda sokoni kumwita Kaoutar, nikampima upya.

Aina ya kwanza: ipo. Aina ya pili: haipo.

"Sasa hii ya kwanza nilitoa wapi?" aliniuliza.

"Nani alikulea?"

"Bibi."

"Alikuwa anakutafunia samaki?"

Akacheka, kicheko kikavu. "Sisi wote walitutafunia, dada. Mukeke iko na miiba."

Tulipanda pikipiki mbili hadi Minago. Njia nzima alishikilia karatasi kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Tulimkuta mama mkwe uani, anakula na Aliya, bugali na mukeke kwenye sahani moja. Nilimsomea matokeo polepole, kwa Kiswahili. Nikamwambia pia kwamba kosa la mwanzo lilikuwa langu.

"Murakoze," alinishukuru kwa Kirundi. "Basi amuchukue, kama mutoto mwenyewe atamukubali."

Kaoutar akachuchumaa. Akachambua miiba kwa vidole, akafinyanga tonge dogo, akamnyooshea bintiye. Aliya akaficha mikono mgongoni.

"Hapana. Mama iko na ugonjwa."

Alilisema bila kukwama, maana alifundishwa kila siku. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi hakumkemea. Alichukua kipande kingine, akakitafuna taratibu, akatoa miiba, kisha akamwinamia mjukuu na kumlisha mdomo kwa mdomo. Aliya akapokea na kumeza. Bibi alipoinua uso ndipo nikaona, pembeni mwa mdomo wake, vipele vibichi vyenye maji, kama vile nilivyoviona kwa Kaoutar siku ile.

Kaoutar naye aliviona. Tonge lilikuwa bado mkononi mwake.