Huwapa mashujaa wa filamu sauti, lakini hajui awatetee au awakane

Saa nane mchana. Nje jua linachoma mabati. Ndani ni giza la mapazia mazito na joto la watu waliobanana kwenye mabenchi. Ukutani, mwanamume mwenye joho jekundu anaruka juu ya mapaa ya mji. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamke wa makamo ameshika kipaza sauti kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai.

"Huyo! Kapaa kama bei ya sukari!" anasema, na ukumbi mzima unaangua kicheko.

Sikio moja amelifunika kwa hedifoni, asikie maneno ya kigeni. Jingine ameliacha wazi, awasikie watazamaji wake. Adui anapoingia, sauti yake inashuka na kukwaruza: "Leo utakiona kilichomtoa kanga manyoya!" Kikongwe wa kwenye filamu anapolia, naye anakuwa kikongwe. Wote wanatoka katika koo moja, linalotunzwa kwa maji ya moto na tangawizi.

Mtaani wanamwita Kasuku. Kwa miaka kumi na mitatu amekuwa akitafsiri filamu papo hapo, mbili kwa siku, tatu siku za mapumziko.

"Hainitajirishi," anasema, "lakini wanangu wawili wamefika kidato cha nne kwa mdomo huu huu."

Zinazojaza ukumbi ni filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. "Ukiweka ya mapenzi wanakuja ishirini," anasema mwenye ukumbi, mzee mwembamba asiyekaa kitini. "Ukiweka ya mtu anayeruka, wanasimama mpaka mlangoni."

Kasuku hakuwahi kujiuliza kama filamu hizo zina faida au hasara. Zilikuwa kazi, basi. Mpaka jengo lilipoanguka.

Lilikuwa ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa pili, na kaka yake, fundi mwashi, alikuwa akipiga plasta chini. Liliporomoka asubuhi. Wakati mashine za uokoaji hazijafika, watu walifukua kwa mikono, na mchukuzi mmoja wa sokoni, mtu wa miraba minne anayeitwa Winchi, aliacha mkokoteni wake barabarani akajipenyeza chini ya zege. Alimtoa fundi akiwa hai, mguu umevunjika. Mafundi wengine wawili hawakutoka.

Baada ya mazishi, Kasuku alirudi kazini. Filamu ya siku hiyo ilikuwa na shujaa mpya. Katikati ya pambano, shujaa alimrusha adui yake, adui akapenya kwenye mnara, mnara ukashuka wote. Watazamaji wakapiga makofi.

Kasuku akanyamaza.

"Kasuku, tafsiri!" mtu akapaza sauti.

"Nitafsiri nini?" alijibu kwenye kipaza sauti. "Hakuna aliyesema kitu. Jengo limeanguka na watu ndani, na hakuna aliyesema kitu."

Waliokuwepo wanasema watu waligeuka wote kumtazama. Kisha dereva mmoja wa pikipiki akasimama.

"Mama, pole kwa yaliyokupata. Lakini lile jengo ni la kompyuta. Sisi tunashinda juani, tumekuja hapa kupumzisha akili."

"Ipumzike ya kwako!" alijibu mama mmoja aliyekuja na mjukuu wake. "Huyu wangu anadhani mtu akiangushwa anajipangusa vumbi na kusimama. Hizi filamu zinatufundisha kukaa tu na kumsubiri wa kuruka aje."

Fundi cherehani anayeshona sare za shule hakukubali. "Mimi nilipofiwa na mume wangu, hizi ndizo zilizonitoa kitandani. Unamwona mtu amepigwa, amelazwa chini, anainuka. Hiyo nayo ni hasara?"

"Anainuka kwa sababu ana nguvu za mbinguni! Wewe unazo?"

"Niliinuka, sikuinuka?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kubishana benchi kwa benchi. Mwenye ukumbi akawasha taa. Filamu haikumalizika.

"Nilimwambia, dada, watu wanakuja hapa kusahau," anakumbuka mzee huyo. "Wewe unawakumbusha!"

Kasuku alifika nyumbani ameshaamua: filamu za mashujaa basi. Alimweleza kaka yake, aliyekuwa amelala na mguu ndani ya plasta.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Ila kabla hujaacha, kamwambie Winchi hayo maneno."

Alimkuta sokoni, amekaa juu ya magunia matupu. Kasuku anasema alitarajia mchukuzi yule amuunge mkono. Nani ajuaye uzito wa jengo kuliko yeye? Lakini Winchi alitikisa kichwa.

"Dada, mimi niliingia mle kwa sababu yako."

"Yangu kivipi?"

"Wenzangu walikuwa wananivuta shati, ukuta uliobaki unapumua. Nilikuwa naogopa. Halafu nikakusikia kichwani, kama nipo ukumbini kwako. 'Ukisikia mtu anaita, usiulize ni nani. Nenda.' Si ndivyo anavyosema yule wa joho jekundu?"

Kasuku anaposimulia hapa hushika kichwa kwa mikono miwili. Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Mwigizaji alikuwa amesema jambo refu kuhusu nyota, kwa haraka, naye hakulidaka.

"Nilijaza pengo tu, ndugu mwandishi. Pengo! Na maneno ya kujaza pengo yakamtoa kaka yangu kwenye kaburi."

Winchi angeishia hapo, labda leo Kasuku angekuwa mtetezi mkubwa wa filamu hizo. Lakini Winchi aliendelea.

"Kulikuwa na mwingine anaita, nyuma ya kaka yako. Nikarudi. Nikanyoosha mkono, ukuta ukashuka. Kwenye filamu wote hutoka, dada. Kwa nini mimi nilimtoa mmoja?"

Tangu siku ile mchukuzi huyo hali vizuri, na akiitwa jina lake kwa ghafla hushtuka. Alipomwona mwandishi wa makala haya alisema maneno machache tu: "Waliniita shujaa. Shujaa wa nusu ni kitu gani?"

Kasuku amerudi kwenye kipaza sauti, kwa kuwa watoto hawali mawazo, lakini anasema anafanya kazi kama mtu anayetembea na viatu vya jozi mbili tofauti. Asubuhi anaamini filamu hizo zinawapa watu moyo. Jioni anaona zinawabebesha mzigo usiobebeka.

"Sentensi moja, yangu mwenyewe, imemwokoa mmoja na kumuumiza mwingine," anasema. "Sasa niiseme tena au niimeze?"

Jumamosi ijayo, baada ya filamu ya mchana, mwenye ukumbi amekubali taa ziwashwe na watu wabishane rasmi. Anakiri kwamba tangu siku ya ule ugomvi watazamaji wameongezeka. Mama mwenye mjukuu na fundi cherehani wamethibitisha kuja, kila mmoja akiapa kumnyamazisha mwenzake.

Lakini anayesubiriwa na Kasuku ni Winchi. Amemwomba akae mbele. Mchukuzi amesema atakuja, ila hatafungua mdomo mbele za watu.

"Aje tu," anasema Kasuku. "Akishindwa, nitamsemea. Wanaume wangapi nimewasemea ukutani pale, na wala hawanijui?"

Anatabasamu. Halafu tabasamu linafifia, anakunja uso kama mtu anayesikiliza maneno yasiyosikika vizuri.

"Tatizo ni moja. Yule wa filamu namjua mwisho wake. Huyu nimtafsirije?"